Tone Lililokataa Kuzama

Tone la damu likidondoshwa kwenye maji ya buluu huzama au huelea. Likizama, damu ni nzito, na mtu anaruhusiwa kutoa. Likielea, anashukuriwa, anapewa juisi, anaambiwa akale vizuri na arudi siku nyingine. Kwa miaka yote aliyofanya kazi kwenye kituo cha damu, Sista hakuwahi kuona jambo la tatu.

Tone la Bomba lilishuka hadi katikati ya glasi, likasimama. Kisha likaanza kwenda pembeni, polepole, mpaka likagusa ukuta wa glasi upande aliokaa Sista. Likang'ang'ania hapo kama inzi kwenye kioo cha dirisha.

"Limezama?" Bomba aliuliza.

"Subiri kwanza."

Bomba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa pale kituoni kwa sababu hakukosa. Kila baada ya miezi mitatu, muda ambao sheria inamruhusu mwanamume, alikuja mwenyewe bila kupigiwa simu, akakunja mkono wa shati na kujilaza kwenye kiti. Kundi lake lilikuwa O hasi, damu inayomfaa karibu kila mgonjwa lakini wenye nayo ni wachache. Kulikuwa na watu wanaotembea mjini kwa damu yake na hawakumjua.

Safari hii miezi mitatu haikuwa imetimia. Haikufika hata miwili. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea, na alipopanda kwenye mizani vitu viligongana mfukoni mwake. Mshale ulisimama kwenye kilo hamsini, uzito wa chini kabisa unaokubaliwa.

"Fundi, leo hapana," Sista alisema. "Muda wako bado."

"Nitoe, dada yangu."

"Ukidondoka hapo mlangoni mkeo nitamwambia nini?"

"Nitoe hata nusu mfuko." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango. "Siwezi kurudi nayo nyumbani."

Sista angemrudisha. Alikwisha kuwarudisha wengi: wajawazito, wenye homa, kijana aliyetoka kuchorwa tatuu, mzee aliyepunguza umri wake kisha akanuna alipoitwa babu. Hakuwahi kumlegezea mtu. Lakini siku hiyo, ng'ambo ya ua, kwenye wodi ya watoto, binti yake wa miaka tisa alikuwa amelala midomo imekuwa myeupe. Binti alikuwa na selimundu. Walimwita Kijiko, maana alizaliwa mdogo mpaka bibi yake akasema huyu ni wa kuchota kwa kijiko. Asubuhi daktari alikuwa amesema damu ya mtoto imeshuka mno, asipoongezewa hataiona kesho. Mtoto naye alikuwa O hasi, na friji la kituo halikuwa na mfuko hata mmoja wa kundi hilo. Vituo vya jirani vilijibu hivyo hivyo. Damu ya Sista mwenyewe haikulingana na ya mwanawe.

Aliitazama glasi, akaimwaga kwenye sinki.

"Kunja ngumi," alisema.

Damu ilianza kuchuruzika kwenye mpira, taratibu, damu ya mtu asiye na ya kutosha. Bomba alikuwa akitazama dari.

"Anayeipata leo ni nani?"

Hakuwahi kuuliza. Na kanuni ilikuwa moja: mtoaji hatajiwi mpokeaji, wala mpokeaji hatajiwi mtoaji. Mfuko huenda na namba tu.

"Unajua haturuhusiwi."

"Najua. Ni dua tu, Sista. Nimwombee kwa jina."

Sista aliona kwamba mtu anayekupa damu akiwa mwenyewe hana, kumnyima jina la kuombea ni roho mbaya. Akainama na kumwambia jina la binti yake, lile kamili aliloandikishwa shuleni.

Bomba alilirudia, kisha akasema, "Namtolea yeye."

Damu ikaanza kukimbia. Mfuko ulijaa kabla Sista hajamaliza kukata plasta, na chumba kikanuka chuma kilichochomwa. Bomba alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Aliinuka bila kizunguzungu, akaacha juisi yake mezani, na alipofika mlangoni akasema, "Unisamehe." Sista alidhani anaomba radhi kwa kuja kabla ya wakati.

Mchana mtaalamu wa maabara, ambaye wenzake walimwita Bwana Friji, alimwita pembeni.

"Mfuko wako huu tangu uingie humu haujapoa. Au friji langu limeanza kuchemsha chai?"

"Majibu?"

"Safi yote. Homa ya ini hakuna, virusi hakuna, kaswende hakuna. Damu ya malaika. Lakini shika mwenyewe."

Sista alishika. Mfuko ulikuwa na joto la mwili.

"Nipe," alisema. "Mwanangu hana muda wa kusubiri upoe."

Kabla ya jua kuzama Kijiko alikuwa ameketi kitandani akiuliza nani amekula yai lake. Daktari alicheka. Sista alikwenda chooni, akafunga mlango na kulia mpaka akaridhika.

Siku za kwanza nyumbani zilikuwa za raha. Kisha harufu ya chuma kilichochomwa ikaanza kusikika sebuleni, ingawa mtaa mzima haukuwa na karakana. Sista alifua mapazia, akapiga deki kwa dawa, na harufu ikahamia kwenye nguo za mtoto. Kisha ikaja sauti. Alikuwa jikoni alasiri moja, mlango uko wazi na majirani wanapiga soga nje, akasikia sauti ya mtu anayemalizia kinywaji kwa mrija, ile ya kukwaruza chini ya glasi kinywaji kinapoisha, na akasema bila kugeuka, "Kijiko, acha, hiyo ni tabia mbaya," na Kijiko akajibu kutoka chumbani, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikika, "Si mimi."

Alikwenda. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono imenyooka, hana glasi, hana mrija, midomo yake imefumba, na sauti ilikuwa ikiendelea, inatoka chini ya mbavu zake, inavuta, inatulia kama mtu anayemeza, inavuta tena.

"Mama, anakunywa."

"Nani?"

"Huyo. Anakunywa nami naisha. Mwambie aache kidogo."

Sista alimfunua macho. Ndani ya kope palikuwa peupe kama karatasi. Hakukuwa na jeraha, hakukuwa na damu chooni, hakukuwa na chochote ambacho kazi yake ilimfundisha kukitafuta. Akamchoma kidole na kuliacha tone lianguke kwenye chupa ya maji ya buluu aliyoibeba kutoka kazini. Lilishuka hadi katikati, likasimama, likaja upande wake.

Hakuvaa hata viatu. Alitoka na malapa mpaka karakana ya Bomba.

Alimkuta amenenepa. Alikuwa amepandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso na anaimba. Alipomwona Sista aliacha kuimba, akazima mashine, akavuta pazia la turubai.

"Bado yu hai?" aliuliza.

Sista alimpiga kofi. Bomba hakujikinga.

"Sema."

"Waliniletea tangi bovu nilikate," Bomba alisema, karibu na sikio lake. "Halikuwa na mfuniko wala tundu. Lilichomelewa pande zote. Fundi mwenye akili angejiuliza, nani anachomelea tangi tupu pande zote? Mimi niliona chuma tu. Nilipolipasua, kitu kama pumzi kiliniingia mdomoni. Tangu siku hiyo nanywewa."

"Na ukaja kwetu."

"Niligundua nikitoa damu anashiba. Mimi napona, na wagonjwa wanapona. Ile mifuko haikumdhuru mtu, Sista, kaulize. Lakini alianza kutaka kabla ya muda, nanyi mna sheria zenu. Nilikuwa na kilo arobaini na nne. Siku ile nilijaza nati mfukoni."

"Kwa nini mwanangu?"

Aliyejibu hakuwa Bomba. Nyuma ya turubai alikuwa mshonaji wa viti vya magari, mtu ambaye baada ya kazi hutibu waliopagawa. Aliingia na sindano kubwa mkononi, uzi bado unaning'inia.

"Kwa sababu alitajwa," alisema. "Jini huyu haendi na damu. Anakwenda na jina. Mfuko usiotajwa mtu, kwake ni nyumba isiyo na mlango. Huyu bwana nilimwambia zamani, akaapa hatafungua mlango wa mwenziwe. Kumbe kiapo chake kilikuwa cha mtu aliyeshiba."

"Nilikuwa nakufa, mzee."

"Sote tunakufa. Wewe ulitafuta wa kutangulia."

Sista aliuliza atamtoaje. Mganga akamwambia kama anayemwelekeza njia. Mtoto adondoshe tone moja, ataje mtu, aseme anamtolea. Huyo anayetajwa awepo au apelekewe hiyo damu, na mwili wake uwe na tundu la kuingilia, hata la sindano.

"Nje kabisa hatoki? Porini? Baharini?"

"Alifungiwa kwenye chuma, na aliyejua kumfungia hayupo. Mimi najua kumhamisha tu."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Hata asiyejua. Ndivyo alivyofika kwako."

Bomba alipiga magoti kwenye vumbi la chuma. "Sista, usinitaje. Tangu lile tangi sijalala usingizi mzima. Ndio naanza."

Jina lake kamili Sista alilijua. Alikuwa ameliandika kila miezi mitatu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi na lilikuwa tamu. Lakini alimtazama yule mwanamume aliyepiga magoti akaona jambo moja wazi. Akirudishiwa, Bomba atavumilia wiki ngapi kabla hajaenda kituo kingine, kwa muuguzi mwingine mwenye mtoto mahututi, na kuomba jina la kuombea dua?

"Inuka," alimwambia. "Unajichafua."

Nyumbani alimketisha Kijiko kwenye godoro, akampakata. Mganga alishika glasi ya maji ya buluu. Nje jua lilikuwa bado linawaka, watoto wa jirani wakicheza mpira. Sista alijichoma kidole chake, kisha akachoma cha mtoto, na tone la mtoto likaanguka kwenye glasi, likang'ang'ania ukuta. Halafu akamnong'oneza neno.

"Huyo ni nani?" Kijiko aliuliza.

"Mimi."

"Kumbe una jina."

"Kila mtu analo. Litaje, useme unamtolea huyo."

"Akija kwako atakumaliza."

"Mimi mkubwa, mama. Nina nyingi."

Mtoto alilitaja, vibaya kidogo, maana hakuwahi kulisikia. Mkwaruzo wa mrija ukapanda kutoka mbavuni mwake hadi kooni, ukapita kwenye bega, ukashuka mkononi, na Sista aliyekuwa amemkumbatia akausikia ukivuka, kwanza uko pale, kisha uko katikati yao, kisha hausikiki tena kwa masikio kwa sababu ulikuwa ndani yake, chini ya matiti, unavuta. Kinywa chake kikajaa ladha ya chuma kilichochomwa.

Tone kwenye glasi liliachia ukuta, likazama.

"Mama," Kijiko alisema, "nina njaa."

Sheria inamtaka mwanamke akae miezi minne kabla ya kutoa tena. Aliyekuwa ndani ya Sista hakuhesabu miezi. Sista aliacha kazi ya kutoa watu damu, akahamia chumba cha kuchemshia vifaa, na siku zake za mapumziko akawa anapanda magari kwenda vituo vya mbali, ambako hawamjui. Umekula? Nimekula. Umelala vizuri? Vizuri. Mara ya mwisho kutoa lini? Zamani. Yeye ambaye hakuwahi kumlegezea mtu alijifunza kudanganya akimtazama muuguzi usoni. Siku moja Bomba alikuja mpaka mlangoni kwake, akaacha soksi iliyojaa nati zilizooshwa, akaondoka bila kubisha. Sista alizitumia.

Alipofika kituo cha mwisho alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kushika ukuta. Muuguzi wa huko alikuwa binti mchangamfu, mgeni kazini. Alidondosha tone kwenye maji ya buluu, na lilipokuwa linasimama katikati simu yake ikaita. Aliporudi hakutazama.

"Haya, shangazi, kunja ngumi. Mkono wako mwepesi kama wa mtoto."

"Ndivyo nilivyoumbwa."

Damu ilianza kushuka kwenye mpira. Ndani ya mbavu zake mkwaruzo ukapungua, ukawa wa mtu anayekaribia kushiba. Sista alifumba macho. Akafikiria Kijiko, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekimbia hadi shuleni na kurudi kuchukua kifutio alichosahau, kisha akakimbia tena.

"Umekuja wakati mzuri, shangazi," muuguzi alisema akipangusa meza. "Mfuko huu hautalala hapa. Kuna mtoto chumba cha pili anausubiri. Mama yake amekaa pale nje tangu alfajiri, hata maji hanywi. Anaitwa—"

"Usiniambie."

"Ni katoto kazuri, hata kwa dua tu—"

"Mwanangu, nakuomba." Sista alijaribu kuinua mkono azibe sikio, na mkono haukuinuka. "Ni sheria. Usimtaje."

Muuguzi aliacha kupangusa, akamtazama, mdomo bado wazi nusu.

Chini ya mbavu za Sista mkwaruzo ulikoma. Aliyekuwa akinywa hakuwa ameshiba. Alikuwa anasikiliza.