Biskuti ya Kwanza ya Zamu

Siku ya kwanza kopo lake la chakula lilipokutwa tupu, Bonge alidhani mkewe amesahau kulijaza. Kifuniko kilikuwa kimebana vilevile kilivyobanwa asubuhi, ndani mna mvuke kidogo na kijiko kikavu. Ilikuwa saa sita mchana, kantini imejaa watu wenye kofia za nyavu kichwani, na wenzake walimcheka sana: mama watoto kaamua kukupunguza kwa nguvu. Bonge naye akacheka, akanywa maji, akarudi kazini. Hakuwa na njaa hata kidogo. Hilo lilikuwa la ajabu kuliko kopo lenyewe, ila hakulifikiria.

Kiwanda kilikuwa cha biskuti, na Bonge alikuwa mtu wa tanuri. Yeye ndiye aliyeliwasha asubuhi, akatazama vipimo vya joto, akapokea biskuti zinapotoka kwenye mkanda kuelekea kwa wapakiaji. Jina la Bonge walimpa hao wapakiaji wiki yake ya kwanza, na kusema kweli hawakumwonea: alikuwa anapita mlangoni kiubavu. Mwezi wa tatu kazini daktari akamwonyesha karatasi ya vipimo. Sukari imepanda, akaambiwa, na ikiendelea hivyo tutaanza kuzungumza mengine. Hayo mengine Bonge aliyajua, maana kaka yake mkubwa alishakatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Naye alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka sita, aliyempata baada ya kungoja hadi ndugu wakachoka kuuliza. Alitaka kumwona akimaliza shule, naye awe amesimama pale kwa miguu yake miwili.

Basi akaacha. Soda aliacha, vya kukaanga aliacha, chai ya vijiko vinne aliacha. Mkewe akaamua kuwa hapikiwi mtu peke yake, nyumba nzima ikahamia kwenye mboga za kuchemsha, maharage, mayai na matunda, hadi binti akasema wanakula kama sungura. Akibembelezwa kipande cha keki ofisini, au akisogeziwa bakuli mara ya pili nyumbani, Bonge alikuwa na jibu moja, analitoa kwa tabasamu: kula wewe, mimi nimeacha. Binti alilipenda jibu hilo, akawa analirudia kwa wanasesere wake.

Kikwazo kilikuwa biskuti ya kwanza. Pale kiwandani biskuti inayotangulia kutoka kila zamu ni ya mtu wa tanuri. Anaila amesimama, ya moto, ndipo anapandisha mkono na mkanda unaachiwa. Msimamizi alisema ni kupima ubora. Wazee wa kiwanda hawakusema kitu, lakini kabla hujala hakuna aliyegusa boksi. Bonge alikula miezi mitatu. Ya daktari yalipomkuta, akafanya ujanja mdogo: akaisogeza biskuti mdomoni kama anayeila, watu waone kwa mbali, kisha akazunguka nayo nyuma ya tanuri. Kutupa chakula aliona vibaya, kwa hiyo akaiweka juu ya ukingo wa chuma, kwenye giza la mabomba, na kwa utani tu, kwa mazoea, akasema lile jibu lake.

"Kula wewe, mimi nimeacha."

Kesho yake ukingo ulikuwa safi. Akadhani panya. Akaweka nyingine, na kila asubuhi nyingine, na kila asubuhi akasema neno lilelile, maana ukishazoea kusema kitu kinatoka chenyewe. Siku ya nane ndipo kopo likakutwa tupu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, ukiyatazama kwa nje. Bonge alipungua. Mkanda wa suruali uliongezwa tundu, halafu tundu jingine. Daktari aliangalia karatasi mpya akampa mkono. Wapakiaji wakasema itabidi watafute jina jingine. Bonge alisema ahsante kwa wote. Ila chakula hakikuwa na ladha tena. Ulimi ulikuwa kama umechomwa sindano ya ganzi, na kidogo kidogo ganzi ile ikashuka. Alimeza, hakushiba. Alikaa, hakuchoka. Na nyuma ya tanuri, mashine zikipumzika, palikuwa na sauti ya mtu anayetafuna kitu kikavu, taratibu, asiye na haraka, na harufu ya sukari iliyoungua. Mimi ningeacha kazi siku hiyohiyo. Bonge alisikiliza mpaka ikaisha, akaandika vipimo vya joto.

Harufu ilimfuata nyumbani. Mkewe alifua sare mara mbili, akafungua madirisha, wapi. Mezani palikuwa na viti vinne vya watu watatu, na mboga kwenye sahani ya Bonge zikawa zinapungua kabla hajashika kijiko. Binti alikuwa akikitazama kile kiti cha nne na kucheka chini kwa chini. Mama akamuuliza unacheka nini.

"Mgeni wa baba," binti akasema. "Anakula kwa mikono miwili."

Mama akamwambia anyamaze ale. Bonge akaendelea kutafuna mboga zilizobaki, bila kuhisi lolote.

Kilichomshtua kilitokea Jumamosi, mchana kweupe. Binti alipanda kiti akafuata daftari juu ya kabati, kiti kikateleza, akaangukia kidevu kwenye ukingo wa meza. Kidevu kikachanika. Alilia kile kilio cha mtoto anayemtafuta mzazi kwa macho, damu inamchuruzika shingoni, mikono ameinyoosha, na baba yake aliyekuwa hatua mbili tu alisimama pale na taulo mkononi, akamtazama tu, akingoja amalize, akijua kabisa kuwa huyu ni mwanangu na ile ni damu yake na kwamba mtu hapa hukimbia, akautafuta ndani yake ule uchungu wa kumkimbiza na asiupate, na palepale, kutoka kwenye kiti cha nne kisicho na mtu, akasikia pumzi ndefu ikishushwa, kama ya mtu aliyeshiba. Mkewe ndiye aliyetoka jikoni mbio akambeba mtoto. Alishonwa nyuzi nne. Mkewe hakumwongelesha siku mbili, na hilo nalo Bonge hakulisikia kuuma, ila alilijua, na kulijua kulitosha kumpeleka kwa mama wa usafi.

Mama huyu alifagia kiwanda kile tangu tanuri linajengwa. Bonge alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, akamwamkia, akamweleza yote kwa sauti ya chini bila kupumzika. Mama akaegemeza fagio ukutani.

"Mimi si mganga, mwanangu, mimi nafagia. Lakini wewe si wa kwanza." Kulikuwa na mmoja kabla yake, akasema, aliyeumwa jino akaona biskuti zinamsumbua, naye akampa huyo wa nyuma ya tanuri sehemu yake. "Hakuugua hata siku moja. Alimzika mama yake asidondoshe chozi. Halafu asubuhi moja akakaa kwenye benchi hilo ulilokalia wewe, tukadhani anafunga viatu."

"Kinataka biskuti tu?"

"Kilitaka biskuti. Wewe ukakiambia kula, hukusema mwisho ni wapi."

Akamwelekeza. Kesho aichukue ya kwanza, aile yote, asiache hata punje, aseme sehemu yangu nimeirudisha. Bonge akauliza, na sukari je? Mama akachukua fagio lake.

"Biskuti moja na daktari mtaelewana. Huyu hamtaelewana. Na nyumbani kwako mtu yeyote asimpe kitu, hata tonge, maana atatoka kwako na njaa."

Jioni hiyo alimsubiri binti atoke kucheza nje, akamweleza mkewe jikoni, wakinong'ona. Mkewe alikisogeza kiti cha nne mpaka barazani. Mtoto wakakubaliana wasimwambie. Mdogo yule, ataogopa bure.

Asubuhi Bonge alikula. Biskuti ilimchoma ulimi, akalamba vidole, akalamba kiganja, akasema maneno yake. Nyuma ya tanuri kitu kikagonga mabomba mara moja kwa nguvu, mabati yakatetemeka, wapakiaji wakageuka, kisha kimya. Na utamu ukaja. Ukaja pamoja na kila kitu: joto, kelele, miguu inayouma, njaa ya wiki nyingi, na mwanawe amenyoosha mikono naye akimtazama tu. Alilia palepale mbele ya mkanda, msimamizi akampa kitambaa asiulize.

Saa tisa alirudi nyumbani nusu anakimbia. Mlangoni alisikia harufu ya kitunguu, akataka kucheka. Kiti cha nne kilikuwa kimerudi mezani. Binti ameketi na sare ya shule, sahani yake imesukumwa mbele ya kile kiti, nyeupe, haina hata mchuzi. Bonge alimkumbatia, akamwomba msamaha, akamwita majina yote ya kitoto. Mikono ya binti ilining'inia.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimempa mgeni. Alikuwa barazani analia, anasema baba kamnyang'anya. Nikamwambia kula wewe, mimi nimeacha."

Jikoni kitu kikaanguka kutoka mkononi mwa mama yake. Bonge alimenya ndizi, akaikata kipande, akakitia mdomoni mwa mtoto. Akatafuna. Akameza.

"Tamu?"

Binti akafikiri. "Sijui."

Ndipo Bonge akaona kola ya sare. Nyuzi za kidevu zilikuwa zimefumuka, damu inashuka taratibu mpaka kifuani, imeshaanza kukauka pembeni, na mtoto hakuwa na habari. Kwenye kiti cha nne kitu kikashusha pumzi ndefu. Bonge akapiga magoti, akalia kwa sauti kubwa, na binti akamtazama tu, akingoja amalize.