Kipimo cha Pingili ya Sita

Pete ya mwanga ilishuka taratibu juu ya mgongo wa Bibi Kalunde, ikamulika, kisha ikatangaza: "Pingili ya sita, kikonyo cha kushoto: milimita tatu nukta tisa."

Nyuma ya kioo, macho yakiwa kwenye skrini ya namba, Mhandisi Sikitu alishika kichwa. Dakika kumi tu zilizopita mashine hiyohiyo, Pimapingili aliyoiunda kwa miaka saba, ilisema nne nukta sita. Mfupa gani huo unaonenepa na kukonda asubuhi moja?

Na usidhani hiyo ni tofauti ndogo. Mgongo wa kifuani una pingili kumi na mbili, na kila moja ina vikonyo viwili vyembamba ambamo skrubu hupita. Ukikosea kidogo tu, skrubu inagusa neva za uti wa mgongo, na miguu imekwenda. Ndiyo maana roboti ya upasuaji pale hospitali ya Tabora haishiki chombo mpaka vipimo viwili mfululizo vifanane. Bibi Kalunde, mwalimu mstaafu, alikuwa na pingili iliyopondeka, na ganzi ilikuwa inampanda miguuni kila siku.

"Miali anayoruhusiwa kupigwa leo imebaki ya mara mbili tu," alisema Daktari Luhende, mpasuaji. "Vipimo vikikataa kufanana tena, namrudisha wodini, na huenda asisimame tena. Mashine yako ina nini?"

"Mashine ni nzima, daktari! Nimeikagua mpaka macho yanauma."

"Kwa hiyo mbovu ni mgonjwa?"

Sikitu alichukia, akavaa koti zito la kinga, akaingia mwenyewe chumbani. Alisimama kando ya kitanda, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Pete ikashuka. Ilipofika kifuani, ikatoa sauti ya upole: "Shikamoo, Bibi."

Salamu hiyo aliiweka Sikitu mwenyewe, wazee wasiogope.

Bibi Kalunde, aliyelala kifudifudi, akainua kifua kizima. "Marahaba, mwanangu! Hujambo? Za nyumbani?"

Sikitu akabonyeza kitufe kabla miali haijatoka. "Bibi! Si tulikuomba usitikisike?"

"Mliniomba. Lakini niamkiwe nikae kimya kama gogo? Mimi nimelelewa, bwana!"

Lo! Sikitu alicheka, kisha akawakumbuka wazee wengine aliowapima. Alizima sauti ya mashine, akamwamkia bibi mwenyewe, wakajuliana hali mpaka wakamaliza. Ndipo pete ikashuka kimyakimya, mara mbili. Nne nukta mbili. Nne nukta mbili.

Alasiri, baada ya upasuaji, Bibi Kalunde alichezesha vidole vya miguu, na wauguzi wakapiga vigelegele. Sikitu hakupiga. Alimvuta Daktari Luhende pembeni.

"Kuna wazee kumi na tisa niliowapima kabla yake. Hao nao bila shaka waliinuka kuitikia shikamoo, ila kwa namna ileile kila mara, vipimo vikafanana, tukaviamini. Mmoja wao ni Mzee Mihambo. Ganzi ya mguu wake tulimwambia ni uzee." Alitoa karatasi mfukoni. "Nimeandika barua ya kuacha kazi."

Daktari aliichukua barua ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru roboti imfunge Mzee Mihambo skrubu.

"Ichane," alisema. "Ukiondoka, nani atawapima upya?"

Sikitu alifuta machozi kwa mkono wa koti, akapiga simu.

"Mzee wangu, tulikukosea," alisema. "Ganzi yako huenda si uzee. Njoo kesho nikupime mwenyewe."