Waya Kwenye Shina la Mchungwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kuanika nguo za watu. Mama alikuwa dobi, na uani kwao mashuka yalining'inia kutoka ukutani hadi kwenye mchungwa uliosimama karibu na jiko. Jina hilo la Chiriku alipewa kwa ajili ya mdomo wake, maana akianza kusimulia jambo, mnaweza kufua, kuanika na kupiga pasi hajamaliza. Lakini siku hizo alikuwa kimya, na mama alishaanza kumgusa paji la uso akidhani ana homa.

Homa hakuwa nayo. Kilichomkaa rohoni ni ule mchungwa.

Mti ulikuwa wa kaka yake. Aliuotesha mwenyewe kutokana na mbegu, na jamani, ulikuwa mzito wa kukua! Watoto waliozaliwa baada ya mti huo walikuwa wameshajua kusoma, wenyewe bado unashindana urefu na mlango. Kaka alipopata kazi ya kuendesha lori mbali na nyumbani, aliwaacha wakubwa wote akamkabidhi Chiriku mti wake. Chiriku akavimba kichwa kwelikweli.

Kisha nguzo ya kuanikia nguo ikaoza, ikaanguka. Mama akamwambia afunge waya kwenye mchungwa kwa muda tu, ila kwanza alizungushie shina matambara mazito pande zote, na kila mara aulegeze waya, kwa sababu mti nao hunenepa. Wenzake walikuwa nje wanamwita mpirani. Akaweka tambara moja upande unaotazama mlango, pale ambapo mama angeliona, akakaza waya, huyoo akaenda zake. Habari ya kulegeza ikamtoka kabisa.

Miezi ikapita. Majani yakawa ya manjano, matawi ya juu yakakauka. Siku alipochungulia nyuma ya shina, Chiriku alikuta waya umezama ndani ya gome, na utomvu umeganda juu yake. Badala ya kusema, aliokota matambara mengine akayazungushia shina lote, jeraha lisionekane, kama vile alivyoagizwa tangu mwanzo. Halafu kwa hofu akawa anaumwagia mti maji asubuhi na jioni. Mama akamsifu kwa bidii yake. Sifa ile ilimchoma kuliko bakora.

Mti ukazidi kudhoofika. Mama, ambaye hakujua lolote, akasema bila shaka ni sabuni ya maji machafu anayoyamwaga pale ndiyo inayochoma mizizi. Tangu siku hiyo akawa anabeba mabeseni mazito mpaka mfereji wa barabarani, na jioni anajinyoosha mgongo huku akiguna. Chiriku alimtazama, akaacha chakula. Usingizi nao ukaanza kumkimbia.

Ndipo simu ikaja. Kaka alikuwa njiani, angefika mwisho wa wiki.

"Nitamwambia ukweli," mama alisema huku akikamua shuka. "Nitamwambia ni sabuni yangu iliyoua mti wake. Wewe usiogope, mwanangu. Umejitahidi."

Chiriku akamsogelea.

"Si sabuni, mama," alisema, na machozi yakamtangulia. "Ni waya. Niliweka tambara moja tu ili ulione. Haya mengine niliyaweka baadaye, kuficha."

Mama alimaliza kukamua shuka, akalianika, akaenda ndani kuchukua koleo la kukatia waya. Kisha akampigia simu shangazi, aliyekuwa akiuza miche ya matunda karibu na soko.

Shangazi alipofungua matambara, harufu ya uozo iliwapiga puani. Yalikuwa yamelowa chapachapa, na gome chini yake limekuwa jeusi na laini. Waya ulikuwa umekata shina karibu lote. Palipopona ni pale tu lilipokuwa tambara la kwanza. Shangazi akakwangua hapo kwa ukucha, pakaonekana kijani.

Akaeleza kwamba chakula cha mti hupita ndani ya gome, na mchungwa huu sasa ulikuwa unaishi kwa kipande hicho kimoja. Wakaukata waya vipande vipande. Ulioshikwa na mti wakauacha humo humo, maana kuung'oa kungechana hata gome lililopona. Wakapogoa matawi makavu. Jeraha likaachwa wazi lipate hewa, na Chiriku akaambiwa asimwage maji mpaka udongo ukauke.

"Utapona, shangazi?"

"Sijui," shangazi akajibu. "Tumefanya yetu. Sasa tusubiri."

Kusubiri ndiko kulikomtesa. Kaka alipofika, mti ulikuwa umesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Kabla hajatua begi, Chiriku alimweleza yote. Kaka aliuzunguka mti, akaupapasa, akaingia ndani. Hakusema naye mpaka kesho yake, alipomwita washike pamoja nguzo mpya ya kuanikia nguo. Chiriku alishika kwa nguvu zake zote.

Kaka akarudi kazini, mti bado uko vilevile. Kila alfajiri Chiriku aliutazama, akarudi ndani bila kitu. Wiki ziliendelea kupita. Hata mvua zilipoanza, hakuthubutu kutumaini. Halafu asubuhi moja, juu ya lile kovu, aliona kichipukizi kidogo kama punje ya choroko. Akamwita mama, naye akaja na mikono yenye povu.

Mama alikitazama kichipukizi, kisha akamgeukia binti yake.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Waya ulikuwa kosa, na kosa lolote la binadamu lina dawa. Kilichotaka kuua mti huu ni matambara ya kuficha. Siku nyingine ukiharibu kitu, niambie siku hiyo hiyo. Nitakugombeza, ndiyo, nitakugombeza sana. Lakini kugombezwa hakujaua mtu."