Aliyekata Kurasa za Yuda

Saa tatu asubuhi mkutubi alifungua kabati la vioo akakuta riwaya imenyolewa. Kurasa tatu zilikuwa zimekatwa kwa wembe, pembeni safi kabisa. Ilikuwa nakala pekee iliyobaki ya kitabu cha enzi za wakoloni kuhusu mji huo, na ufunguo wa kabati ulikuwa wake.

Saa nne Inspekta alikwishachoka. Mkutubi alikuwa shemeji yake, na shemeji akianza kulia hamalizi.

"Mwenyekiti wa kamati ya maktaba kasema ikifika saa sita mwizi hajapatikana, nifungashe virago. Wanangu watakula karatasi, shemeji?"

"Akina nani walikishika kitabu jana?"

"Wanakamati tu. Mchungaji, Maalim na Mwenyekiti, mmoja mmoja. Kila mtu anachagua kipande cha kusomwa Jumamosi, ukumbi mpya ukipewa jina la marehemu baba yake Mwenyekiti."

Mchungaji aliingia wa kwanza.

"Kurasa zilizokatwa zilisema nini?"

"Zilimsema mkalimani wa bwana mkubwa wa kizungu, aliyewaonyesha askari maficho ya watu wake. Mwandishi kamfanya Yuda mtupu! Busu, vipande vya fedha, mpaka shamba la mfinyanzi. Sasa Inspekta, ukisoma Mathayo ishirini na saba..."

"Sisomi, nauliza. Nasikia kitabu hiki unakichukia."

"Sana! Mmisionari kalinganishwa na Balaamu, yule aliyekemewa na punda wake. Mpaka leo vijana wakiniona wanalia kama punda."

Inspekta akafunua. Punda alikuwapo, mzima, hajaguswa hata sikio. Mwenye hasira za Mchungaji angeanza na huyo.

Maalim alikaa, akapangusa miwani, akaanzia mbali. Inspekta akashika kichwa.

"Maalim, nimeomba jibu, umenipa darasa."

"Jibu ndilo hili, mwanangu. Mkalimani katukanwa mara mbili, na pa pili hapakukatwa. Tazama: 'Fimbo ya kichwa cha simba mkononi, mkalimani alitangulia mbele ya jeshi kama Abu Righali mbele ya tembo.'"

"Ndiye nani tena huyo?"

"Msaliti aliyewaonyesha maadui njia walipokwenda na tembo kuibomoa Kaaba. Kaburi lake watu walikuwa wakilipiga mawe."

Inspekta aliacha kupiga miayo. Aliyekata alimtoa Yuda akamwacha Abu Righali. Basi Yuda alimjua, na huyu hakumjua. Maalim asingemwacha.

Saa sita kasorobo, Mchungaji na Maalim wakiwa bado wamekaa, Mwenyekiti alisukuma mlango kwa fimbo yake.

"Huyu mama bado yupo?"

"Bado, mzee. Umechagua kipande gani cha Jumamosi?"

Uso wa Mwenyekiti ukachanua. Hakuhitaji kitabu. "'Fimbo ya kichwa cha simba mkononi, mkalimani alitangulia mbele ya jeshi kama Abu Righali mbele ya tembo.' Mbele ya tembo, jamani! Huyo ni baba yangu."

Wote walikuwa wakiitazama fimbo. Simba wa shaba alikuwa amechakaa pua kwa kushikwa. Maalim akakohoa, akamweleza taratibu, jeshi, Kaaba, kaburi na mawe.

Mwenyekiti akakaa kitako. "Kumbe nimeacha mmoja!"

Kisha akatambua alichosema.

"Zipo wapi, mzee?" Inspekta aliuliza.

Akazitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Nilishindwa kuzichoma. Hatuna picha ya baba. Sura yake imebaki humu tu. Lakini Jumamosi mji mzima utakuwepo, na ukumbi una jina lake. Ningekaaje mbele nisomewe Yuda?"

"Ukaona bora wanangu walale njaa," mkutubi alisema.

Mchungaji na Maalim walikwishaanza kubishana nani mbaya zaidi, Yuda au Abu Righali, kila mmoja akimtetea wa kwake kwa ubaya.

"Nyamazeni!" Inspekta alifoka. "Mzee, simama twende kituoni."

Mkutubi alikuwa ameshika kurasa zake kifuani, akitazama saa ya ukutani.

"Saa sita hiyo, Mwenyekiti," akasema. "Fungasha virago."