Tundu la Ncha ya Sindano

Sokoni kwa mafundi watu walikuwa wanapigana vikumbo pale kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, aliposimama mbele ya meza ya fundi saa. Fundi mwenyewe alikuwa msichana wa gauni la buluu na kilemba cha njano, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

"Dada, naomba unitobolee tundu."

"Sikio au pua?"

"Shaba." Akaweka mezani kipande chembamba cha shaba na duara jeusi la chuma. "Hii ni shata ya kamera yangu kubwa, kimlango cha kupitisha mwanga. Lenzi zake zimeota ukungu. Nimezitoa, nataka pale mbele pakae tundu dogo kama ncha ya sindano."

"Picha bila lenzi? Unanitania."

"Njoo siku moja uone."

Udadisi ukamshika fundi. Akaibonyeza shaba kwa sindano, akaigeuza, akakisugua kwa msasa laini kile kipele kilichotokeza nyuma, akabonyeza tena mpaka tundu likawa duara safi. Kisha akaibandika kwa tepu nyeusi mahali pa lenzi ya mbele, kingo zote, pasipenye hata uzi wa mwanga.

Wakapeana namba. Basi simu zikaanza.

"Umekula, Jicho Moja?"

"Nitakulaje, Bwana Sanduku, na simu yako haipoi?"

Penzi lilikuwa limekolea hasa siku shangazi wa msichana, muuza vitambaa wa meza ya pili, alipomletea neno. "Yule mpiga picha wako anawaambia watu tundu lako bovu. Picha zote zimetoka tupu."

Wateja walimjia kwa jina lake, na jina hilo ndilo alilolichafua mtu anayemwita mpenzi. Akaacha kupokea simu. Zikaita weee, mpaka zikachoka. Lakini swali halikumwacha: tundu lake lina nini?

Akamfuata studio. "Sikuja kwako. Nimekuja kwa tundu langu. Fungua kimlango, ukiache wazi."

Msichana akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Giza tupu. Akatulia, jicho likazoea, na taratibu kwenye kioo cha mgongoni mwa kamera ikaja barabara ya nje, kichwa chini miguu juu, na mwanamke anaanika nguo zilizoning'inia kuelekea juu.

"Mbona naona? Wewe ulipigaje?"

"Kama kawaida yangu." Kijana akabonyeza, kimlango kikapepesa mara moja. Mkono wake ukabaki hewani. "Mwanga wa tundu ni mdogo. Ilitakiwa nikiache wazi nisubiri, na kidole changu kimezoea haraka. Kosa ni langu, mpenzi. Nitawaambia wote niliowaambia."

"Uanze na shangazi."

"Shangazi ananitisha."

"Ndiyo maana uanze naye."

Akamkalisha karibu na dirisha, akaweka filamu. "Usitikisike mpaka nikwambie, la sivyo picha imeharibika." Akafungua kimlango. Msichana akakauka. Ndipo kijana akapiga goti kando ya kamera.

"Nataka nikuoe. Nauliza sasa kwa sababu huwezi kunikatiza."

Kicheko kikamjaa mashavuni. Alijua kabisa anaharibu picha. Akaitikia kwa kichwa, chini juu, chini juu.

Picha iliposafishwa, gauni lilionekana mpaka kifungo cha mwisho. Uso ulikuwa wingu jeupe lenye meno. Shangazi akaigeuzageuza.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, shangazi," mpiga picha akasema, "akinikubali."