Pingamizi la Antonia

"Dada, kaa basi, na sisi tuone mbele."

Mama aliyekuwa nyuma yangu alinivuta gauni kwa upole. Sikuweza kukaa. Kwenye skrini kubwa ya kanisa alikuwa Evaristo, mchumba wangu wa miaka miwili, kavaa shati nililomshonea mimi kwa cherehani yangu. Pembeni yake binti anatabasamu. Chini wameandika: Evaristo na Dativa, tangazo la tatu.

"Yule binti ni nani?" nilimuuliza yule mama.

"Dativa wa kwaya. Ndoa Jumamosi hii. Wewe mgeni?"

Mgeni. Mwaka wa tatu huu nasali pale. Ila mimi ni wa ibada ya kwanza, na Jumapili hiyo mvua ilinichelewesha nyumbani, mtaa wa Rasbura, nikaingia ya pili. Evaristo ni fundi mitambo wa kanisa, maiki na skrini ziko mikononi mwake. Hakuwahi kukaa na mimi hata siku moja, eti yuko kazini. Na ibada ya kwanza picha ile sikuiona, kwa sababu mwenye kubonyeza picha ni yeye.

Nikamwandikia: "Nimeona skrini."

Jibu likaja haraka: "Nani kakwambia uje ibada ya pili?"

Baada ya ibada akapiga.

"Antonia, tulia kwanza."

"Nimetulia. Mimi ni nani kwako?"

"Mambo yalikwenda kasi. Baba yake ni mzee wa kanisa, sikujua nianzie wapi kukwambia."

"Nimekuuliza mimi ni nani."

Akasema taratibu, "Hapa kanisani hakuna anayejua kama tulikuwa pamoja. Usijitie aibu bure."

Kesho yake nikaenda ofisi ya kanisa. Katibu, dada mmoja mpole anaitwa Witness, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pingamizi tunapokea. Kadi yako ya ushirika?"

"Sina. Evaristo alisema tutajiandikisha pamoja tukikaribia ndoa."

"Basi lete washirika wawili wanaokufahamu kuwa ni mchumba wake."

Nikamwonyesha meseji. Akazisoma, akanirudishia simu.

"Dada, jina kwenye simu anaandika mwenye simu. Niletee watu."

Watu. Nilimfuata bibi Maria, niliyekaa naye benchi moja mwaka mzima, nikimshikia mkoba akienda kutoa sadaka.

"Mwanangu, sura yako naijua," alisema. "Jina ndiyo leo nalisikia. Nitaapaje?"

Sikumlaumu. Mimi nilikuwa sijui hata anaishi wapi. Na niseme ukweli, hicho ndicho nilichokipenda. Kwetu kijijini Njinjo kigango chetu kina watu arobaini, na mchumba wangu wa kwanza alipoondoka, wote arobaini walinihoji. Kila Jumapili, vipi Antonia, lini tena? Nilipoingia kanisa hili, lile hema la watu elfu mbili, nikahisi nimetua mzigo. Kwaya inapasua anga, unalia machozi yako yote na hakuna anayekuuliza unalilia nini. Wanawake wanaoanguka kwenye maombi wanafunikwa kanga na wahudumu, wanaachwa walale kwa amani. Nilipona pale, sikatai. Na Evaristo akaniona pale, mtu nisiye na mtu.

Nikampigia mjomba Valentini, katekista wa kigango chetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza.

"Huku mtu angekohoa tu, padri angesimamisha," alisema. "Nije?"

"Watakuuliza wewe ni nani."

"Basi rudi nyumbani, mama."

"Nikirudi wataniuliza, mjomba."

"Watakuuliza. Mwezi mzima watakuuliza. Halafu watakuletea mihogo."

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na moyo wa kula mihogo ya huruma. Nilikuwa nimebakiwa na sauti yangu tu, nikaona niitumie.

Jumamosi zilifungwa ndoa sita kwa mpigo. Mhudumu wa mlangoni aliniuliza, "Wewe upande wa nani?"

"Bwana harusi."

"Yupi, dada? Wako sita."

Akanikalisha nyuma kabisa. Evaristo alikuwa wa nne, na suti ilimkaa vizuri, Mungu anisamehe, bado nilimpenda. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa yoyote kati ya hizi, aseme sasa.

Nikasimama. "Mimi ninayo. Yule wa nne ni mchumba wangu."

Sauti ikaishia benchi la tatu. Nikanyanyua mikono ili nionekane, nikapaza zaidi. "Ananidanganya. Anawadanganya wote. Evaristo, niangalie."

Evaristo aligeuza shingo. Aliniona, nina hakika. Kisha akainama kurekebisha kifungo cha koti. Na hapo machozi yakanitoka, nikawa napiga kelele zisizo na maneno.

"Amina," alisema mama mmoja kulia kwangu, akaniwekea mkono kichwani.

"Siombi, mama. Napinga."

"Amina. Achilia, mwanangu, achilia yote."

Wakaja wengine wawili. Wakanishika mabega, wakaanza kuomba kwa sauti kubwa kuliko yangu, na mpiga kinanda, akidhani ndiyo wakati wake, akaingiza pambio. Mikono yao ikanilemea. Niliposhuka chini mhudumu akanifunika kanga vizuri, mpaka kichwani.

Chini ya ile kanga nikamsikia mchumba wangu akisema "Nakubali." Maiki ilikuwa safi kabisa.

Vigelegele vilipotulia, yule mhudumu akachuchumaa karibu yangu na daftari la shuhuda.

"Pole, dada. Umefunguliwa?"

Nikajitoa kanga usoni. "Ndiyo," nikasema.

"Bwana asifiwe. Na unaitwa nani?"

Miaka miwili, na yeye ndiye mtu wa kwanza wa kanisa lile kuniuliza. Nikamtajia jina langu lote, na la baba yangu, na la Njinjo, akaandika.