Anayekoroma Kwenye Kochi

Kelele za ukumbi wa kuuzia wanyama Jumamosi ile zilikuwa za kumtoa mtu akili. Kasuku wanatukana, paka wanalia, watu wanasukumana kama vitu vinagawiwa bure. Katikati ya vurugu hiyo alisimama fundi nguo mmoja, gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Haikumtoka shingoni hata akienda dukani kununua chumvi, ndiyo maana wakamwita Futi.

Mbele yake walibaki mbwa wawili. Mmoja mdogo, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, wa kuenea kwenye kapu, jamii ya wale wa kuwinda panya. Mwingine wa kijivu, mrefu, mwembamba, miguu kama ngazi, jamii ya wale wa mashindano ya mbio. Futi akainama, akampima yule mdogo mgongo, kisha kimo.

"Unamshonea koti au suruali?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Mwanaume mpana, shati jeupe limenyooshwa mpaka linakata, raba mpya kabisa, na tabasamu la mtu anayefurahia kuudhi watu.

"Napima kama ataenea chini ya meza ya cherehani," Futi akasema. "Mimi ni mtu wa utulivu, nataka mbwa wa utulivu. Wewe je?"

"Huyo mrefu. Mimi kila asubuhi niko barabarani nakimbia."

Muuzaji, mama mmoja mwenye buti za mpira, akaanza kuwaeleza tabia za kila mbwa, nani anataka nini na nani hawezi nini. Alijichosha bure. Mwanaume alikuwa anaangalia shingo ya Futi, na Futi alikuwa anajiuliza mikono mikubwa vile inafanya kazi gani. Alipouliza akaambiwa inatengeneza simu. Waliondoka pale kila mtu na mbwa wake na namba ya mwenzake.

Basi simu zikaanza, asubuhi, mchana, mpaka chaji ziishe. Fundi Simu anamwita laazizi, Futi anamwita mkimbiaji wangu. Fundi Simu anasimulia jinsi yeye na mbwa walivyopiga mbio mpaka darajani na kurudi. Futi anajibu kwamba wake amelala chini ya meza, hata kope haitikisiki.

Wakati anasema hivyo, mbwa wake yuko juu ya meza, lesi ya gauni la bibi harusi mdomoni, anaikung'uta kama panya.

Ukweli ni kwamba yule mdogo alikuwa kimbunga chenye mkia. Alikula pazia, akala mto wa kuchomekea pini, pini akaziacha, akachimba zulia akitafuta sijui nini. Futi hakuweza kumwacha peke yake hata saa moja, kwa hiyo miadi ikaanza kuahirishwa. Akasingizia kazi. Ajabu ni kwamba na Fundi Simu naye akawa anaahirisha. Eti mazoezi yamemchosha.

Mchana mmoja, katikati ya maneno matamu, Futi akasikia kitu ng'ambo ya pili. Mkoromo. Mzito, wa kushiba.

"Nani anakoroma hapo kwako?"

Mkoromo ukaendelea.

"Redio," akasema Fundi Simu.

"Redio inakoroma?"

"Ni kipindi cha afya, mpenzi."

Futi akakata simu. Shangazi yake, ambaye duka la nguo ni lao wote wawili, aliposimuliwa akaiweka pasi chini taratibu na kusema redio ya namna hiyo ina jina na ina viatu mlangoni, tena kwa mkoromo huo imenenepa.

Futi akaandika ujumbe: tusisumbuane. Simu zikaja, hakupokea. Lakini siku iliyofuata akajikuta ameshona mkono wa koti nje ndani, kosa ambalo hajalifanya tangu ajue sindano. Akaduwaa akiliangalia lile koti. Hapo ndipo alipojua kwamba anampenda yule mwongo, na kama ni kumpoteza, basi angalau amwone aliyempokonya.

Akamfunga mbwa kamba, maana kumwacha dukani ni kuliaga duka. Akaenda kwa Fundi Simu, akapanda ghorofa nne bila kupumzika, akaupiga mlango kwa ngumi mpaka majirani wakachungulia.

Fundi Simu akafungua amevaa kaptula na soksi zisizofanana. Futi akampita kama hamwoni. Kwenye kochi palilala mtu, amefunikwa blanketi mpaka kichwani, anakoroma.

Akalivuta blanketi.

Miguu minne, mirefu, ya kijivu. Mbwa wa mbio akafungua jicho moja, akaona si jambo la kuamkia, akalifunga.

Futi akabaki na blanketi mkononi, mdomo wazi. Na yule mdogo akachomoka kwenye kamba. Akaruka kochi, akaruka meza, akashuka na kopo la bisibisi, akaingia chini ya kabati na kutoka na soksi. Fundi Simu naye akaganda.

"Huyo ndiye hata kope haitikisiki?"

"Na huyu ndiye wa mpaka darajani?"

"Alikimbia mpaka kwenye ngazi, siku ya kwanza. Akalala. Nikambeba." Fundi Simu akashusha pumzi. "Sijawahi kukimbia, Futi. Raba nilinunua asubuhi ile ile. Nilitaka mbwa anibadilishe, kumbe kaja mwenzangu wa kochi."

Futi akasema haraka haraka kwamba dawa ni kubadilishana mbwa.

"Simtoi. Na wewe, zaidi ya huyo wako, hatokufaa mwingine. Mtu wa utulivu haangushi mlango wangu hivi."

Futi alitaka kukasirika, kikamtoka kicheko. Akakiri pazia, akakiri lesi, akakiri na redio ilivyomliza.

"Nataka kuja kwa shangazi yako kuongea," Fundi Simu akasema. "Nikuoe."

Futi akashtuka kuliko alivyoshtukia blanketi. "Haraka yote hii ya nini?"

"Mimi sijawahi kuwa na haraka maishani. Ndiyo ujue nimefikiria."

"Njoo Jumapili basi."

"Jumapili naamka mchana."

"Njoo mchana," akasema Futi, akasogeza ile miguu mirefu, akaketi.